Wachangiaji wa Bweni la Mbuni

Siku jiko la shule lilipowashwa kwa gesi ya samadi kwa mara ya kwanza, wasichana wote walipangwa mistari mbele ya mlango wa jikoni, wafupi mbele, warefu nyuma, kana kwamba moto nao ungetaka kuwakagua. Mwalimu Mkuu alivaa kofia yake ya sherehe. Fundi aliyejenga mtambo alivaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka ikaweza kusimama bila yeye. Na Mama Mwiko, mpishi mkuu, alivaa aproni nyeupe ambayo hakuna aliyewahi kuiona, kwa sababu penye jiko la kuni aproni nyeupe huwa nyeupe mpaka saa ya chai tu.

Mwalimu Mkuu alihutubia. Alisema shule imekuwa ikichoma kuni kama iliyo na ugomvi wa ukoo na miti. Alisema kilima kilicho nyuma ya uwanja wa michezo kimeota upara, na kwamba kila lori la kuni linaloingia getini linatoka tena kwa njia ya bomba la moshi, likiwa hewa ukaa, na kwenda kuipasha dunia joto ambalo dunia haikuliomba. Kuanzia leo, alisema, tutapikia gesi inayotokana na samadi ya ng'ombe wa shule na... hapo akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu... na vyoo vipya vya bweni la Mbuni, ambavyo mabomba yake yanaingia kwenye tangi lililofukiwa nyuma ya jikoni. Bweni la Kanga lingeendelea na vyoo vyake vya zamani mpaka hapo baadaye.

Fundi akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukachanua chini ya sufuria kubwa, kimya, bila moshi hata wa kusingizia. Mama Mwiko akautazama kama mtu anavyomtazama mjukuu aliyeletwa kutoka hospitali, akiogopa kumgusa na akiogopa wengine wasimguse.

Zilibaki shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Hapo ndipo Mwalimu Mkuu alipofanya kosa ambalo walimu wakuu wamekuwa wakilifanya tangu shule zibuniwe: alimteua mwanafunzi mwenye sauti nzuri, bila kujiuliza sauti hiyo itasema nini.

Mwanafunzi huyo aliitwa Bi Hotuba. Alikuwa na jina jingine, lakini lilitumika kwenye mitihani tu. Alikuwa mwembamba kama mlingoti wa bendera, na aliweza kuomba chumvi mezani kwa namna ambayo watu walijikuta wamesimama. Tena alikuwa binti wa Mama Mwiko, jambo ambalo shule nzima ililijua, na ambalo wao wawili walijifanya ni siri ya serikali. Kwenye dirisha la kugawia chakula alisema, "Shikamoo, Mama Mwiko," kama wenzake, na Mama Mwiko akamjibu, "Marahaba," akampakulia maharage machache kuliko wote ili kuzima fitina.

Bi Hotuba akapanda jukwaani, yaani juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa.

"Mwalimu Mkuu, fundi wetu, walimu, na nyinyi ng'ombe mnaotusikiliza kutoka bandani," alianza. "Tulifundishwa darasani kwamba hakuna kitu kinachopotea duniani. Tulidhani ni maneno ya mtihani. Leo tumeshuhudia. Tulichokula jana kinarudi leo kutupikia cha kesho. Ndugu zangu wa Mbuni, taifa linawategemea. Jitahidini."

Kicheko kilipasuka mbele, kikaenda nyuma, kikarudi. Fundi alilazimika kushika ukuta. Na ieleweke kwa ajili ya kumbukumbu kwamba mtu wa kwanza kabisa kucheka, tena kwa kujipiga mapaja, alikuwa Mama Mwiko mwenyewe.

*

Jioni hiyo wali na maharage vilikuja mezani vikifuka mvuke. Kijiko, msichana mdogo wa bweni la Mbuni aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila hicho kifaa, akakiinua kijiko chake, akakinusa, akakirudisha chini. Hilo halikuwahi kutokea.

"Kinarudi," akasema.

Meza nzima ikaangua kicheko. Meza ya pili ikauliza kuna nini, ikaambiwa, ikasukuma sahani. Kabla kengele haijalia, chakula kilikuwa na jina jipya. Wali uliitwa Kinarudi Mweupe. Maharage yaliitwa jina ambalo mwandishi wa habari hizi, kwa kuheshimu meza za wasomaji, hatalitaja. Sahani zikarudi dirishani zikiwa zimejaa, na wasichana wakaenda kulala na biskuti.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu bweni la Mbuni likaenda mbali zaidi: likasusia vyoo vyake. "Hatuchangii," walisema, wakawa wanavuka ua kwenda kupanga foleni kwenye vyoo vya zamani vya Kanga. Wenyeji wa Kanga, waliokuwa na foleni yao tayari, waliwapokea kama nzi wanavyopokewa kwenye mchuzi.

Bi Hotuba alifurahia umaarufu wake mpaka alipotumwa jikoni kurudisha ndoo. Alimkuta mama yake amekaa peke yake juu ya gunia la mchele, aproni nyeupe bado nyeupe, akitazama masufuria yaliyojaa.

"Hayo yote yamekataliwa, Mama?" Hapakuwa na mtu, akathubutu kumwita hivyo.

"Fundi anasema niyatupie kwenye tangi. Eti ni chakula kizuri cha mtambo." Mama Mwiko akatabasamu nusu. "Nimekuwa mpishi wa tangi."

"Watazoea."

"Wasipozoea?" Mama Mwiko akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Mwanangu, bodi ya shule inakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenyekiti wao hakuutaka mtambo huu tangu mwanzo. Ameshasema, akikuta watoto hawali, lori la kuni linarudi Jumatatu. Na daktari ameniambia mimi nichague, moshi au mapafu. Kuni zikirudi jikoni, mimi natoka."

"Uende wapi?"

"Nikakae kwa mjomba wako, nimsikilize akisimulia habari za magoti yake."

Bi Hotuba akacheka, kisha akagundua kwamba amecheka peke yake. Mama yake alikuwa amepika pale tangu yeye akiwa anabebwa mgongoni. Aliwajua wasichana kwa njaa zao: nani hutaka ukoko, nani huficha karoti, nani akinyamaza amepokea habari mbaya kutoka kwao. Mama Mwiko kukaa na mjomba lilikuwa jambo kama kumfungia mwewe kwenye droo.

"Ni utani wangu umefanya haya," akasema.

"Ulikuwa utani mzuri," Mama Mwiko akajibu. "Ndiyo shida yake. Ungekuwa mbaya ungeshakufa."

*

Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, na hawakusema namna ya kulitapika. Bi Hotuba akajaribu. Kwanza alijaribu elimu. Alisimama bwenini, akaeleza kwa sauti nyoofu kwamba gesi hupita kwenye bomba na kuungua chini ya sufuria. Kwamba chakula kiko ndani ya sufuria, na kati ya viwili hivyo kuna chuma. Kwamba moto haujui ulikotoka. Wakamsikiliza wakijikaza mbavu. Alipomaliza walimpigia makofi na kumwomba arudie pale penye chuma.

Halafu akajaribu mfano wa vitendo. Akala sahani mbili mbele ya watu. Walimsindikiza kila tonge kwa wimbo wa kuaga mashujaa. Kijiko akamshika bega na kumuuliza kama ana wosia.

Hii ndiyo adhabu ya mchekeshaji: siku anayosema nyumba inaungua, watu husogeza viti karibu.

Akaenda nyuma ya jikoni kukaa na huzuni yake, akamkuta fundi anagonga kipimo cha gesi kwa ukucha.

"Kuna shida?"

"Ipo, ila ni ya neema," fundi akasema. "Gesi imezidi kazi. Mnakataa chakula, chakula kinaingia tangini, tangi linashiba. Lingekuwa mtoto lingekuwa linacheua. Mwambieni mpishi aitumie, ikae bure kwa nini?"

Bi Hotuba akarudi bwenini taratibu. Ulikuwa msimu wa baridi. Kila alfajiri bafuni kulikuwa na kwaya: wasichana walijimwagia maji kutoka kwenye tangi la nje, na kila kopo moja lilitoa jina la mama wa mtu. Kuna waliojifuta tu uso na kuiita hiyo oga ya kidiplomasia. Aliwatazama wakirejea vitandani wakitetemeka, meno yakigongana, na wazo likamjia kwa upole, kama mdeni anayeingia kwa mlango wa nyuma. Wasichana hawa hawatakubali kitu wanachobembelezwa. Lakini hakuna binadamu aliyewahi kuishi bwenini akavumilia kunyimwa kitu alichopewa jirani.

Jioni akamwambia mama yake.

"Unataka niwapashie maji watu wanaokataa chakula changu?" Mama Mwiko akauliza.

"Wa Mbuni peke yao. Kanga wasipate hata tone."

"Kanga wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Vyoo vyao ndivyo havijaunganishwa."

Mama Mwiko akamtazama binti yake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka ambacho kilimfanya ashike meza.

"Nilikuzaa au nilikuokota?"

"Ulinizaa, Mama. Walioniona nikicheka wanasema tunafanana."

*

Alfajiri iliyofuata sufuria kubwa kuliko zote ilitolewa jikoni kwa mkokoteni, ikifuka mvuke, ikapelekwa bafuni Mbuni. Bi Hotuba alitangulia mbele akigonga kopo.

"Wana Mbuni," akatangaza, "haya ni maji ya moto. Yamepashwa kwa gesi yenu. Kila mchangiaji nusu ndoo. Asiyechangia, tangi la nje liko palepale na linamsalimu."

Kijiko akatia kidole. Akatia mkono. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Kuchangia," akauliza bila kufumbua, "ndiyo kufanyaje hasa?"

"Ni kufanya unachofanya kila siku, ila usivuke ua."

"Basi mimi nimekuwa nikiibiwa na Kanga siku zote hizi," akasema Kijiko, akachukua ndoo.

Asubuhi hiyo bafuni Mbuni hakuna mama aliyetajwa. Waliimba. Mvuke ulitoka madirishani, na wasichana wa Kanga, waliokuwa wakivuka ua na taulo mabegani, ngozi zao zimesimama kama za kuku aliyenyonyolewa, walisimama wakaukodolea macho.

Baada ya vipindi Bi Hotuba aliweka kiti mbele ya mlango wa vyoo vya Mbuni, akafungua mwavuli, akakaa. Hakukuwa na jua wala mvua. Mwavuli ulikuwa wa kuongeza mamlaka. Mara akaja msichana wa Kanga, anatembea kama mtu aliyepotea njia.

"Samahani, dada," Bi Hotuba akasema. "Hapa ni wachangiaji tu."

"Nina haja."

"Haja yako ina bweni lake."

"Kwani mnapungukiwa nini nikiingia?"

"Kesho utadai maji. Tunawajua watu wa namna yako. Wanakuja na mchango mdogo, wanaondoka na ndoo nzima."

Yule msichana akaenda zake amekasirika, na kabla ya chakula cha jioni Kanga nzima ilikuwa imekasirika, jambo lililompa Bi Hotuba furaha ambayo hakuipata hata siku ya hotuba.

Jioni hiyo mezani Kijiko alivuta sahani yake, akaitazama, akaonekana anapiga hesabu ya kifalsafa.

"Mtu asiyekula," akasema polepole, "atachangia nini?"

Meza ya Mbuni ikatafakari. Swali halikuwa na jibu jingine. Mmoja akaonja. Wa pili akasema maharage ya Mama Mwiko hayajawahi kuwa na moshi mdogo namna hii, mtu anaweza hata kusikia ladha ya kitunguu. Huwezi kuoga maji ya gesi hiyo halafu ukaona haya kula chakula chake. Walimaliza, wakaenda dirishani kuomba chakula cha Kanga kilichobaki, na Mama Mwiko akawapa bila kuonyesha jino hata moja, ingawa alipogeuka kuchukua mwiko alichelewa kidogo kurudi.

Kiranja wa Kanga aliitwa Rula. Alikuwa msichana aliyenyooka: mgongo umenyooka, soksi zimenyooka, na maneno machache yaliyonyooka. Hakuwahi kutania wala kutaniwa. Aliwatazama Mbuni wakila sehemu ya bweni lake kwa siku kadhaa, akawatazama wanavyong'aa asubuhi, kisha akawageukia wenzake.

"Wanaoga maji ya moto na wanakula chakula chetu," akasema. "Sisi tuna biskuti na baridi. Kuleni. Halafu tutadai."

Kanga wakala. Walikula kwa hasira mwanzoni, lakini sahani haijali unaikomba kwa moyo gani.

*

Jumamosi bodi ya shule ikaja. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyeshuka garini kwa mafungu. Mwalimu Mkuu akampokea kwa kofia ya sherehe. Walipokata kona ya jikoni wakakuta ua umejaa.

Bweni zima la Kanga lilikuwa pale, kila msichana na taulo begani na ndoo tupu mkononi. Walikuwa wakipiga ndoo kama ngoma. "Hatukubali," waliimba, "hatukubali, hatukubali kudharauliwa."

Bi Hotuba alikuwa amesimama na Mbuni ng'ambo ya ua. Hakuwa amepanga hili. Alikuwa amewapasha moto Kanga wiki nzima, na sasa wamechemka mbele ya mtu mmoja ambaye hakupaswa kuona mvuke.

Mwenyekiti akavua miwani. "Nilisema," akamwambia Mwalimu Mkuu, si kwa ubaya, kwa uchovu tu. "Nilisema watoto hawatakubali kitu hiki. Tusibishane nao. Lori la kuni lije Jumatatu."

Mlangoni pa jikoni Mama Mwiko alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alianza kufungua kamba ya aproni yake.

Bi Hotuba akakimbia katikati ya ua. "Mzee, naomba nieleze. Hawaupingi mtambo, wanautaka. Wanagombania..."

"Huyu ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Huyu," Mwalimu Mkuu akasema kwa sauti ya mtu aliyezeeka ghafla, "ndiye aliyeanzisha kile kichekesho chenyewe."

Bodi ikamtazama. Nyuma yake wasichana wakaanza kucheka, wakingoja kusikia leo atakuja na lipi. Bi Hotuba akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mengi, yamejipanga kama kawaida, na aliona wazi kwamba hata moja halitaaminika. Akaufunga. Waliokuwepo wanasema hilo ndilo lilikuwa tukio kubwa zaidi la siku hiyo.

Akamwendea Rula. "Sema wewe," akamwambia. "Mimi hawaniamini, na wana haki. Sema jinsi ilivyo. Nakuomba, Rula, yule ni mama yangu."

Rula akamtazama, akatazama mlangoni pa jikoni. Akaweka ndoo yake chini, akaisawazisha isikae upande, akatembea mpaka mbele ya mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamtaki gesi, tumeelewa."

"Hapana. Tunataka vyoo vyetu viunganishwe."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Rudia."

"Vyoo vya Mbuni vimeunganishwa na mtambo. Vyetu havijaunganishwa. Kwa hiyo wao wanaoga maji ya moto, sisi hatuogi. Sisi pia tunakula. Sisi pia tunakwenda chooni. Kila siku haja yetu inapotea bure. Si haki."

Alisema hayo bila kupepesa jicho, kama anayesoma kanuni za maabara. Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja wa bodi aligeuka kutazama mawingu na mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini hilo si kosa la Rula.

"Kwa hiyo mnakula?" mwenyekiti akauliza.

"Tunamaliza."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusadiki kwa masikio. Akaingia jikoni akafunua masufuria ya asubuhi. Yalikuwa matupu, yamekombwa. Akainama akautazama moto wa buluu. Akapitisha kidole ukutani, kidole kikarudi kisafi. Akaagiza apakuliwe. Akala amesimama, halafu akaomba kiti, halafu akaomba tena kidogo, na "kidogo" yake Mama Mwiko akaipima kwa jicho la kazi, akampa sahani nzima.

"Mtambo unabaki," mwenyekiti akasema alipofuta mdomo. "Na mpishi huyu msije mkamwachia shule nyingine."

Mama Mwiko akaifunga upya kamba ya aproni, fundo mara mbili, akaondoka kwenda kupakua cha wasichana huku akiimba kitu kisicho na maneno. Ua ukalipuka kwa ndoo. Bi Hotuba alikuwa amekaa chini, hapo hapo alipokuwa amesimama, akicheka na kujifuta macho kwa taulo ya mtu wa Kanga.

Baadaye kidogo mwenyekiti akamwinamia Mwalimu Mkuu, akamnong'oneza jambo sikioni, kwa namna wazee wanavyonong'ona wakiwa wameshiba. Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono kuelekea vyoo vya Kanga, vilivyokuwa karibu.

Rula akasimama njiani.

"Tafadhali, mzee, usitumie vyetu," akasema. "Itapotea bure."

Mwenyekiti akamtazama, akatazama ua uliojaa wasichana walionyamaza ghafla kwa heshima kubwa. Mbuni wakapasua njia katikati yao. Bi Hotuba akakunjua mwavuli, akamwelekeza mlangoni, na mzee akaingia kwa hatua za mtu anayekwenda kupiga kura.

Alipotoka, akinawa mikono, walikuwa wamesimama vilevile, mabweni yote mawili, wakimngoja.

"Sasa nimechangia Mbuni," akasema. "Mimi ni mwenyekiti wa shule nzima, siwezi kuonekana nina upendeleo." Akamgeukia fundi. "Kanga waunganishwe kabla sijaja tena. Na nitakuja nimekula."